Kaburi Lisilopikiwa

Siku Hezekiah Njura alipopotea ilikuwa Alhamisi ya mavuno, buni zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe. Alikunywa chai, akavaa koti lake la kuchumia lililojaa madoa ya migomba, akachukua ndoo, akamwambia binti yake kwamba anashuka chini kidogo kabla jua halijawa kali.

"Baba, huko si kwetu tena," Ann Ruguru alimwambia. "Wale watu wameweka fenzi."

Mzee akacheka. "Fenzi ni yao, kahawa ni yangu. Ama ni wao waliipanda?"

Akateremka. Saa sita Ann alifunga duka lake la mbegu pale Karurumo, akaja nyumbani kumpakulia chakula, akakuta kiti kitupu. Akasimama ukingoni mwa shamba akaita. Akaita tena. Kutoka bondeni kilichomjibu ni jenereta ya kampuni.

Chifu alimwambia asubiri, wazee hutembea. Kwenye kituo cha polisi walimwambia asubiri pia, ila wao walimwambia wakiwa wameketi. Faili ilipofika mezani kwa Inspekta Winfred Kathure mjini Embu, wiki ya pili ilikuwa inaelekea kwisha, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, iliyosema kwamba mhusika ni mtu mzima na huenda amesafiri.

Winfred aliisoma akaisukuma mbali. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Githongo, kule Meru, na mambo mengine hakuhitaji kuandikiwa. Mkulima huweza kumkimbia mke, mkopo, hata kanisa. Hakimbii buni zikiwa zimeiva.

"Nyamu," alimwita koplo wake. "Leta gari. Twende tukawaone wenye nchi."

Wenye nchi walikuwa Kampuni ya Reli ya Milimani, waliokuja kujenga njia ya treni kutoka Embu hadi Meru. Kambi yao ilikuwa imekaa juu ya kilima kama kupe kwenye shingo ya ng'ombe: makontena meupe, taa za mchana na usiku, na lango lenye walinzi waliovaa sare nadhifu kuliko za polisi. Ofisa wao wa sheria, wakili Mukiri, aliwapokea ndani ya kontena lililopozwa na mashine mpaka dirisha likatoa jasho. Alikuwa amevaa suti, na chini ya suti buti za ujenzi ambazo hazijawahi kuonja tope.

"Muga, mwari wa Githongo," alimwamkia Winfred kwa Kimeru kama binti wa kwao, akitabasamu. "Nimeambiwa wewe ni wa kwetu. Mimi nyumbani ni Kanyakine."

"Muga. Leo niko kazini, wakili. Tuongee Kiswahili, koplo wangu ni wa huku Embu."

Tabasamu lilipungua kidogo. Mukiri akawamiminia maji moto vikombeni, akachana vipakiti vya kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo, akakoroga. Nje ya dirisha, mteremko mzima ulikuwa mwekundu kwa buni. Nyamu alikitazama kikombe chake kama mtu aliyepewa maji ya kuoshea miguu.

"Tunamtafuta Hezekiah Njura," Winfred alisema. "Shamba lake la chini mmelizungushia ua."

"Lililokuwa shamba lake." Mukiri aliketi vizuri. Ilionekana hapa ndipo alipopapenda. "Inspekta, watu wa huku hawaelewi kitu kimoja. Kampuni ya reli si duka. Ni kama serikali ndogo. Sheria inaturuhusu kuingia shamba la mtu tukapima, hata kama hataki. Mti ukitukwamisha tunakata. Ukanda ukishatangazwa kwenye gazeti la serikali, huo ni wa reli, na anayevuka ua ni mvamizi. Walinzi wangu wanaweza kumkamata bila waranti."

"Hata akiwa na ndoo tu?"

"Hata akiwa na Biblia."

"Na mkishamkamata?"

"Tunamkabidhi polisi bila kuchelewa. Tunafuata sheria, sisi."

"Alhamisi ile mlimkamata nani?"

"Hakuna."

"Na siku za karibu na hiyo?"

"Hakuna mtu."

Winfred alikunja mikono. "Walinzi wote hawa. Mamlaka yote haya. Kahawa ya watu imeiva ndani ya ua, wenyewe wako nje wanaitazama ikioza. Na hakuna hata mmoja aliyejaribu kuvuka?"

"Watu wa huku ni waoga."

Nyamu alikohoa kwenye ngumi yake. Nyanya yake mwenyewe aliwahi kumfukuza mpima ardhi kwa jembe.

"Nikusaidie kazi yako," Mukiri alisema, akiinama mbele kama anayetoa siri. "Mzee wako ameonekana Kanyakine. Fundi wetu mmoja alimwona sokoni, anachechemea, na mwanamke kijana kando. Hawa wazee wa kahawa, wakiona dunia imebadilika, wanatafuta damu changa. Mtafute huko."

Ni kweli Hezekiah alikuwa akichechemea. Kwa hiyo, kwa kuwa upelelezi ni kufuata hata njia inayonuka, Winfred alimtuma Nyamu Kanyakine. Nyamu alirudi jioni na uso wa mtu aliyeombewa kwa nguvu. Mchechemeaji wa sokoni alikuwa mhubiri kutoka Tharaka, mwanamke kijana alikuwa mtoto wake wa kwanza, na wote wawili walikuwa wamemweleza Nyamu kwa sauti, mbele ya soko zima, nini hutokea motoni kwa wanaochafua majina ya watumishi.

"Mukiri alijua mzee anachechemea," Winfred alisema.

"Labda amemwona siku moja, Madam."

"Labda. Lakini mtu ambaye hawezi kutaja jina la mkulima hata mmoja wa bonde hili, anajuaje mguu wake?"

Kesho yake alirudi kambini kutaka kuukagua ukanda. Mukiri alisema ni lazima aandike ombi, kwa kuwa pale ni ardhi ya reli.

"Sheria yenu nimeisoma," Winfred alimjibu. "Inamzuia mpita njia. Haimzuii polisi anayetafuta mtu aliyepotea. Lakini kama unataka kunizuia, nizuie. Koplo atachukua maelezo yako ya sababu."

Mukiri alimpa mlinzi wa kumwongoza, kijana wa Karurumo aitwaye Gachoki. Alikuwa na mwili wa mtu mzima na macho ya mtu ambaye hajalala. Winfred alimwuliza jina la baba yake, kanisa lake, shule aliyosoma. Alijibu yote kwa adabu. Alipomwuliza kama alimfahamu Hezekiah Njura, alisema, "Huyo kila mtu anamjua," akaenda mbele haraka.

Walishuka kwenye ukanda. Winfred alikuwa ameona uharibifu wa vita kwenye televisheni, na huu ulimkumbusha, ila hapa hapakuwa na vita, palikuwa na notisi. Kahawa ilikuwa imekatwa ikaachwa pale pale na buni zake, kama watu waliouawa wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Migomba ilikuwa imelala. Bomba la maji ya mradi wa kijiji lilikuwa limepondwa, na mtu wa kampuni alikuwa amelichomekea kitambaa. Ua wa kanisa ulikuwa umesukumwa ndani na tingatinga na hakuna aliyeshuka kuunyoosha. Kila mahali kampuni ilikuwa imepita kama ng'ombe aliyepotea njia.

Kisha, katikati ya kipande cha kahawa ambacho bado kilisimama, walifika kwenye kaburi.

Lilikuwa tuta dogo, safi, limepangwa mawe pembeni. Kichwani palikuwa na msalaba wa miti miwili, hauna jina. Mtu alikuwa amelizungushia utepe wa rangi ya machungwa, ule wa kampuni, mashine zisiliguse.

"Hili ni la nani?" Winfred aliuliza.

"La familia," Gachoki alijibu. Hakulitazama.

"Kampuni inaheshimu makaburi?"

"Wakili alisema hapa kusichimbwe. Hapa ni kujaza tu. Jumatatu malori yanamwaga udongo, tuta la reli linapita juu."

Winfred alichuchumaa. Udongo ulikuwa haujashuka, na mvua zote za Novemba zilikuwa bado hazijaukandamiza. Kati ya mawe palitokeza majani ya kahawa yaliyofukiwa yakiwa mabichi. Aliugusa msalaba. Miti ilikuwa imeparurwa kwa panga, lakini kwenye nyufa za mbao kulibaki rangi nyeupe, na kwenye ncha, nyekundu. Aligeuza shingo akatazama mteremko. Vigingi vya wapimaji wa reli vilikuwa vimesimama mstari mmoja, vyeupe, vichwa vyekundu.

 Alimshukuru Gachoki, wakapanda.

Pale juu alipita kwa Ann, akamwuliza kama kuna mtu wa familia aliyezikwa kule chini kwenye kahawa.

Ann alimtazama bila kuelewa. "Kule chini? Hatujawahi. Kwani kuna nini kule chini? Tangu wafunge, mimi sijafika."

"Sijajua bado," Winfred alimwambia, na ilikuwa karibu kweli. "Nani hapa hupikia watu mazishi?"

"Ni Mama Kanini. Lakini hatuna mazishi." Ann alimshika mkono. "Inspekta, Jumatatu wanamwaga udongo. Kama Baba ameanguka mahali huko, kama yuko ndani ya mtaro, watamfunika. Hata nikija kuambiwa amekufa, nitakuwa nimeambiwa tu. Mtafute kabla ya Jumatatu. Hilo tu."

Mama Kanini alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Walimkuta nyuma ya jikoni akisugua sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea.

"Mama, habari ya kazi," Winfred alisema. "Nimekuja kuuliza neno la ajabu. Lile kaburi la chini kwa Mzee Njura, mlipika nini?"

"Kaburi gani?"

"Lenye msalaba. Katikati ya kahawa."

Mama Kanini aliweka jivu chini. "Binti yangu, unanitania ama unanitukana? Karurumo hii mtu hazikwi kabla mimi sijalia moshi, ndio nimlilie marehemu. Mwaka juzi tulimzika mlevi mmoja hana hata shati. Nilimpikia githeri. Watu walijaa, nusu yao walikuja kwa githeri, lakini walijaa!"

"Pengine ni kaburi la zamani."

"Zamani ya nani? Mimi nimeolewa hapa. Pale ni kahawa tangu mzungu aruhusu watu weusi kupanda. Nani ang'oe kahawa amzike mtu, na pale juu kuna nafasi?" Alimgeukia Nyamu. "Wewe mtoto wa Embu, unakaa kimya! Mwambie. Mazishi bila sufuria umeyaona wapi?"

"Sijayaona, mama," Nyamu alisema.

"Mwambie tena, huyu ni wa Meru, asikie vizuri."

Ndani ya gari Winfred aliweka mikono juu ya magoti.

"Tuna mtu aliyepotea hana mwili," alisema. "Na tuna kaburi lisilo na mazishi. Hakuna viti vilivyokodishwa, hakuna kwaya, hakuna chungu. Mtu wa mbali hawezi kuona kasoro hapo. Wakili ameliona kaburi, akaamini kwamba litaaminiwa, kwa sababu kwake watu wa huku ni udongo tu wenye makaburi juu yake."

"Lakini Madam, aliyetaka kumficha, si angemfukia tu? Msalaba ni wa nini?"

"Hapo ndipo alipokosea. Alichonga kigingi cha tajiri wake akakifanya msalaba. Akapanga mawe. Huyo aliambiwa afukie, yeye akazika. Wa kutoka mbali asingehangaika hivyo. Ni mtu wa hapa hapa, na wa kanisa."

Nyamu aliwasha gari. Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja.

Ijumaa hakimu alisaini amri ya kufukua. Ofisa wa afya angepatikana Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo Jumatatu ndipo walipokutana: upande mmoja malori yamepanga foleni, injini zinanguruma, udongo umejaa mpaka juu, upande mwingine Winfred, Nyamu, ofisa wa afya na vibarua wenye majembe. Ann alisimama nje ya ua na Mama Kanini akiwa amemshika kiuno.

Mukiri alishuka mbio, buti zake kwa mara ya kwanza zikipata tope.

"Simamisha! Makaburi ndani ya ukanda wa reli ni jukumu la kampuni. Kuhamisha kaburi ni mamlaka yetu, si ya polisi. Soma sheria!"

"Nisomee wewe," Winfred alisema. "Wewe ndiye unayeipenda. Kampuni ikitaka kuhamisha kaburi, inaanza na nini?"

"Inatoa notisi."

"Kwa nani?"

"Kwa jamaa za marehemu, bila shaka."

"Kule juu mlihamisha kaburi la mama mmoja. Mlileta mchungaji, mkaleta jeneza jipya, mkapiga picha za gazeti. Hili mmeliwekea utepe na malori. Basi jamaa za huyu ni akina nani? Ulimpa nani notisi, wakili?"

"Familia haikujitokeza."

"Ann Ruguru!" Winfred aliita bila kugeuka. "Hili kaburi ni la nani wenu?"

"Si letu!" sauti ilijibu kutoka nje ya ua, imepasuka.

"Wenye shamba hawamjui," Winfred alisema. "Anayepika hamjui. Kanisa halimjui. Ni wewe peke yako, mtu wa Kanyakine, unayejua kwamba humu ndani kuna mtu na kwamba hapa kusichimbwe. Una mamlaka mengi sana, Bwana Mukiri. Hata wafu wanakuripotia."

Mukiri alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa neno la ofisi. "Sina maoni."

"Hata sikuuliza maoni." Aliwageukia vibarua. "Anzeni."

Jembe la kwanza lilipoingia, Gachoki alivua kofia ya sare. Alikuwa amesimama na walinzi wenzake. Alitoka kwenye mstari akaja polepole, akasimama mbele ya Winfred.

"Waambie wasitumie jembe kichwani, Madam. Hayuko chini sana. Na hana sanduku. Nilimfunika na koti lake."

Nje ya ua Ann alianza kulia. Hapakuwa na kitu kingine kilichosikika, kwani dereva mmoja wa lori alikuwa amezima injini, na wengine wakamfuata.

"Sema," Winfred alisema. "Nyamu anaandika. Huna lazima ya kusema, na utakachosema kitatumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Gachoki aliikunja kofia mkononi. "Tulimkuta anachuma. Nikamwambia, Mzee, toka, mkubwa wetu asikuone. Akasema, maliza na mimi mti huu, tutoke pamoja. Mkubwa akatuona. Akasema tuna amri ya kukamata, tukamate. Tukamfungia kwenye kontena la vyuma, lile lisilo na dirisha. Nikauliza polisi wanaitwa saa ngapi. Akasema kwanza apate adabu. Jua likawaka. Alikuwa anagonga, Madam. Halafu akaacha kugonga."

"Nani aliitwa?"

"Mkubwa alimpigia simu wakili."

"Uongo!" Mukiri alisema.

"Akaweka spika," Gachoki aliendelea, bila kumtazama. "Wakili akasema hakuna mtu aliyekamatwa. Akasema kama hakuna aliyekamatwa, hakuna wa kukabidhiwa. Akasema tumalize. Mkubwa akanipa jembe, akasema peleka kwa mtaro. Mimi... huyu ndiye alitufundisha katekisimu, Madam. Alikuwa akitupa miwa tukijibu vizuri. Singemtupa kwa mtaro. Nikamleta kwa kahawa yake."

"Ukamwacha binti yake akiita kila siku kutoka pale juu."

Gachoki alifunika uso. "Nilikuwa namsikia."

"Ndiyo. Ulikuwa unamsikia." Winfred hakulainisha sauti. Msalaba ulikuwa jambo jema, na jambo jema moja halikumfikisha kijana mbali. "Nyamu, mfunge pingu. Wakili, utaketi kwenye gari lile pale. Ukitaka kusema ni ardhi ya reli, sema ukiwa umeketi."

"Hamwezi kunikamata hapa. Hii ni..."

"Bila waranti," Winfred alisema. "Na nitakukabidhi kituoni bila kuchelewa."

Mukiri alitazama malori, kisha walinzi wake. Hakuna aliyesogea. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga.

Walipomtoa Hezekiah Njura, ofisa wa afya alimruhusu Ann aje atambue. Aliingia kupitia langoni, mlinzi akaufungua mlango wote kana kwamba anapitisha lori. Ann alipiga magoti. Hakugusa uso. Alikunja ukosi wa lile koti la kuchumia, ukakaa sawa.

"Ni yeye," alisema. "Andika ni yeye."

Daktari alifanya upasuaji Jumatano na kuandika kwamba mzee alikufa kwa joto na kiu. Gachoki yuko rumande Embu. Mkubwa wa walinzi anatafutwa. Mukiri alihojiwa mbele ya mawakili wawili wa kampuni, akapata dhamana siku ya pili, akarudi nyumbani kwa gari la kampuni. Mama Kanini na wenzake wanapika Jumamosi.

Ukanda bado ni wa reli. Ijumaa kampuni ilileta walinzi wapya Karurumo, na sheria inawaruhusu kumkamata yeyote atakayevuka ua, bila waranti.